Wizi wa Maandishi na Wajibu wa Mhariri

Mwalimu wa Kiswahili anapoandaa somo la sarufi au la fasihi, aghalabu hutegemea makala zilizochapishwa katika majarida ya wataalamu. Huzisoma, huzinukuu, na huwaambia wanafunzi wake kwamba fulani amesema hivi katika jarida fulani, mwaka fulani. Ni mara chache ajiulizapo: Je, tunajuaje kwamba huyo fulani ndiye aliyesema? Na ikidhihirika kwamba si yeye, bali ameiba maneno na jasho la mwenziwe, jarida lina wajibu gani kwetu sisi tuliolisadiki?

Makusudi ya makala hii ni kueleza historia ya swali hilo. Tutaona kwamba wezi wa maandishi hawakukosekana katika zama zozote. Lakini si wao walioyatia majarida aibu iliyo kubwa zaidi. Aibu hiyo ilitokana na wahariri na wakuu wa vyuo waliojua, kisha wakanyamaza.

Chanzo cha majarida

Majarida mawili ya kwanza ya kitaaluma katika Ulaya yalianza mwaka mmoja, 1665. Journal des sçavans lilitoka Paris mwezi wa Januari, na Philosophical Transactions likatoka London mwezi wa Machi. Hili la pili lilianzishwa na Henry Oldenburg, mzaliwa wa Bremen katika Ujerumani, ambaye alikuwa katibu wa Royal Society na aliyeandikiana barua na wataalamu wa nchi nyingi.

Yafaa tukumbuke hali ya zama zile. Mtaalamu aliyegundua jambo aliogopa kulitangaza asije akanyang'anywa. Wengine waliuficha ugunduzi wao katika mafumbo, wakizivuruga herufi za sentensi ili asiwepo wa kuisoma. Kisha mtu mwingine akijidai kwamba yeye ndiye mgunduzi, mwenyewe hulifumbua fumbo lake mbele ya watu na kuthibitisha kwamba ametangulia. Galileo alifanya hivyo mwaka 1610 alipoitazama sayari ya Zohali kwa darubini. Robert Hooke naye alifanya hivyo mwaka 1676 kuhusu kanuni ya springi, akaja kuifumbua mwaka 1678.

Jarida la Oldenburg lilikuwa dawa ya hofu hiyo. Barua ya mtaalamu ilipofika ilitiwa tarehe, kisha ikachapwa pamoja na jina lake, na watu wote wakajua ni nani aliyetangulia. Zaidi ya hayo, Baraza la Royal Society liliagiza kwamba yatakayochapwa yasomwe kwanza na baadhi ya wanachama. Hii ndiyo mbegu ya desturi tuliyo nayo leo ya kupeleka mswada kwa wapitiaji kabla haujachapwa. Basi tangu mwanzo, kumlinda mwenye haki ilikuwa mojawapo ya kazi za jarida.

Hata hivyo, ulinzi huo ulikuwa na mlango mmoja ulioachwa wazi. Mswada ukiwa safarini kwa mpitiaji haujachapwa bado, wala mwandishi wake hamjui anayeusoma. Usalama wake wote hutegemea uaminifu wa huyo aliyekabidhiwa.

Mwizi aliyehama chuo hadi chuo

Ubaya wa mlango huo ulidhihirika wazi katika Marekani mwishoni mwa miaka ya 1970. Mwaka 1977 alifika huko kijana daktari aitwaye Elias Alsabti, mzaliwa wa Iraki, aliyedai kuwa ana uhusiano na ukoo wa kifalme wa Jordan. Alianza katika Chuo Kikuu cha Temple, mjini Philadelphia, kisha akahamia Chuo cha Tiba cha Jefferson katika mji huohuo, kwenye maabara ya Profesa Frederick Wheelock. Wenzake katika maabara waligundua kwamba matokeo aliyokuwa akiyatoa ni ya kubuni. Wheelock akamwondoa, lakini alipoondoka alichukua nakala za maandishi ya maabara ile.

Toka hapo akaenda Houston, Texas, katika hospitali ya saratani ya M. D. Anderson. Huko ulikuwa umefika mswada wa kijana mtafiti wa Chuo Kikuu cha Kansas. Mhariri wa jarida moja la Ulaya alikuwa ameupeleka kwa daktari wa hospitali ile ili aupitie, asijue kwamba daktari huyo amekwisha fariki. Mswada ukawa hauna wa kuupokea. Alsabti akauchukua, akabadili kichwa na maneno machache, akaweka jina lake pamoja na majina ya watu wengine wasiojulikana, akaupeleka kwa jarida la Japani, nalo likauchapa. Makala ya mwenyewe ilipotoka baadaye, msomaji asiyejua habari angeweza kudhani kwamba kijana wa Kansas ndiye mwizi!

Njia yake haikuwa ngumu. Aliiba makala iliyokwisha andikwa, akaipa kichwa kipya, akaipeleka kwa jarida lililo mbali na lisilo na wasomaji wengi. Kwa namna hiyo alijikusanyia makala zipatazo 60, na kila orodha ya makala zake ilipozidi kurefuka, mlango wa chuo kingine ulizidi kumfungukia.

Swali la kujiuliza ni hili: Yawezekanaje mtu aliyegunduliwa Philadelphia apokewe Houston? Jibu ni kwamba waliomgundua walimwondoa kimya kimya. Kila chuo kilipenda kuepuka fedheha na kesi mahakamani, nacho kikamwachia jirani mzigo wake. Wheelock alipotambua kwamba maandishi ya maabara yake yamechapwa kwa jina la Alsabti, alimtaka ayatangaze kuwa si yake. Alipokataa, Wheelock aliwaandikia wahariri. Barua yake ilichapwa na The Lancet la London mwaka 1980, na mwaka huohuo mwandishi William Broad akakieleza kisa chote katika jarida la Science. Lililofanyika faraghani kwa miaka likakomeshwa na kurasa chache zilizochapwa. Wahenga walisema kweli: mficha maradhi, kifo humuumbua.

Hofu ya wahariri

Mtu aweza kudhani kwamba baada ya hapo wahariri wote walipata ujasiri. Sivyo. Mwaka 1981, wenzake John Darsee, mtafiti wa moyo katika Chuo Kikuu cha Harvard, walimwona akibuni vipimo waziwazi maabarani. Hata hivyo aliachwa aendelee na kazi kwa miezi kadhaa, wakuu wake wakidhani kwamba kosa lilikuwa moja tu. Uchunguzi uliofuata ulionyesha makosa mengi zaidi.

Watafiti wawili wa Marekani, Walter Stewart na Ned Feder, waliamua kuzisoma makala 109 za watu 47 walioshirikiana na Darsee, ili kuona kama wenzake hao walikisoma walichokitilia majina yao. Walikuta makosa ambayo msomaji makini angeyaona bila kuingia maabarani. Lakini kazi yao ilicheleweshwa kwa miaka, kwa kuwa wahariri walitishwa na mawakili kwamba watashtakiwa kwa kuwavunjia watu heshima. Jarida la Nature likaichapa hatimaye mwezi wa Januari 1987. Twaona hapa kwamba kimya cha mhariri si uvivu daima. Mara nyingine ni hofu. Na hofu ya mtu mmoja haiondolewi kwa kumlaumu, bali kwa kumpa kanuni inayomkinga yeye na wenzake.

Kanuni zinavyotumika

Kanuni hizo zilijengwa polepole. Wahariri wa majarida ya tiba walikutana Vancouver, Kanada, mwaka 1978 wakaanzisha umoja wao, ambao mwaka 1988 ulitoa tamko juu ya kubatilisha makala. Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani ilianza mwaka 1984 kuzitia alama makala zilizobatilishwa, ili mtafutaji asizinukuu bila kujua. Mwaka 1997 wahariri wa Uingereza walianzisha Kamati ya Maadili ya Uchapishaji, ambayo leo ina wanachama katika nchi nyingi, nayo ikatoa mwongozo wa kubatilisha makala mwaka 2009.

Kwa ufupi, mhariri anayepokea shutuma hufuata hatua hizi. Kwanza, huziweka makala mbili sambamba na kulinganisha neno kwa neno. Hatosheki na uvumi. Pili, humwandikia anayeshutumiwa na kumtaka ajieleze, maana mshtakiwa ana haki ya kusikilizwa. Tatu, asiporidhika na majibu, huwaandikia wakuu wa chuo cha mwandishi wafanye uchunguzi, kwa kuwa mhariri si hakimu wala si polisi. Nne, kosa likithibitika, hutangaza. Kosa dogo hutosha kusahihishwa. Shaka isiyokwisha hutangazwa kuwa ni shaka. Wizi au ughushi hubatilisha makala nzima, na tangazo hutaja ni makala gani, nani anayeibatilisha, na kwa sababu gani. Makala yenyewe haichomwi moto. Huachwa ionekane, ikiwa na alama ya kubatilishwa, ili historia isifutwe.

Kanuni peke yake haitoshi, ikiwa mtu anachelewa kuitumia. Mwezi wa Februari 1998 The Lancet, jarida lilelile lililochapa barua ya Wheelock, lilitoa makala ya Andrew Wakefield na wenzake juu ya watoto 12, iliyowafanya wazazi wengi waihofu chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela. Mwaka 2004 waandishi wenza 10 walijitoa katika tafsiri hiyo, lakini makala haikubatilishwa mpaka Februari 2010. Katika miaka hiyo 12 idadi ya watoto waliochanjwa ilishuka katika Uingereza, na surua ikarudi. Mwizi wa maandishi humdhulumu mwandishi mwenziwe. Mghushi aliyeachwa bila kukanushwa huweza kumdhulumu mtoto asiyejua kusoma.

Fungu letu

Haya yote yatuhusu nini sisi wa Kiswahili? Lugha yetu ina majarida ya utafiti tangu zamani. Kamati ya Lugha ya Kiswahili iliyoundwa mwaka 1930 kwa ajili ya Tanganyika, Kenya, Uganda na Unguja ilikuwa na jarida lake, ambalo ndilo lililokuja kuwa jarida la Kiswahili la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Nasi tulio nje ya pwani twayasoma na twayaandikia majarida ya namna hii.

Hatari iliyo karibu nasi zaidi ni wizi wa kutafsiri. Mtu huichukua makala ya Kiingereza au ya Kifaransa, akaigeuza kwa Kiswahili, akatia jina lake. Mashine za kompyuta zinazolinganisha maneno hushindwa mara nyingi kumkamata, kwa kuwa maneno yamebadilika ingawa fikra ni ileile. Hapo hakuna mlinzi ila msomaji mwenye lugha mbili, na mwalimu wa Kiswahili katika nchi zetu ndiye msomaji huyo. Akiona jambo, na amwandikie mhariri kwa adabu, akiambatanisha kurasa zote mbili. Na mhariri asimwone kuwa ni mchochezi.

Wala tusidhani kwamba adabu hii ni ya kigeni. Watunzi wengi wa tenzi walitaja majina yao katika beti za mwisho, pengine na mwaka wa kutunga. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, hayakuchapwa katika uhai wake. Yalibaki vifuani mwa watu. Mwalimu Sikujua bin Abdallah ndiye aliyeyakusanya, na kwa msaada wa W. E. Taylor yakaandikwa, hata William Hichens akayatoa katika kitabu mwaka 1940. Sikujua mwenyewe alikuwa mshairi. Mwenye mashairi amekwisha kufa, wala hapakuwa na kitabu cha kumsuta. Lau angetaka kujipatia sifa, nani angemzuia? Lakini alisema haya ni ya Muyaka, na hata leo tunayaita ya Muyaka.

Tunapomfundisha mwanafunzi kutaja jina la aliyemtangulia, tumfundishe pia kwamba jina hilo ni amana. Na sisi tulio wahariri na wasomaji, amana ikivunjwa tuseme, tena tuseme mapema, palepale ilipovunjiwa.