Udongo ni wa Leta, karatasi ni ya nani?

Bandugu, mu Kisangani, toka Makiso mupaka Lubunga, batu banagombana juu ya paseli. Mumoja anasema: «Niko na sertifika.» Mwingine anajibu: «Babu yangu njo alilima hapa.» Mbele ya tribinali, wa kwanza njo mwenye nguvu. Juu ya nini? Tuangalie historia.

Tarehe 1 Julai 1885, Leta ya Léopold II ilitoa amri: udongo wenye kuwa «wazi» ni wa Leta. Kisha ikafuata utaratibu wa Torrens, wenye ulianza Australia ya Kusini mwaka 1858: mwenye haki ni ule jina lake limeandikwa mu buku ya serikali.

Mimi nilisomea kilimo, na hapa njo naona shida. Mu Tshopo, shamba linalimwa miaka mbili ao tatu, kisha linapumuzishwa miaka mingi ili udongo upate nguvu tena. Mugeni akipita anaona pori tu. Mwenye kijiji anaona shamba lake la kesho. Ule mwenye kuandika buku alikuwa mugeni.

Uhuru haukubadilisha njia hiyo. Sheria Bakajika ya 7 Juni 1966 ilirudisha udongo mu mikono ya Leta ya Kongo. Kisha sheria 73-021 ya 20 Julai 1973 ikasema wazi: udongo wote ni mali ya Leta, sisi tunapata konsesyo tu. Artikle 219 inasema konsesyo inahakikishwa na sertifika peke yake. Artikle 227 inaongeza: kisha miaka mbili, sertifika haishambuliwe tena; aliyeonewa anaweza tu kudai malipo. Na artikle 207 inapanga kifungo cha miezi 2 mupaka 6, ao faini, kwa mutu anayetumia udongo bila sheria wala kontra.

Kwa hiyo mwenye sertifika anaweza kuomba tribinali imutoshe mwenye kukaa mu paseli yake. Lakini aombe tribinali! Sheria haimupe ruhusa ya kuleta vijana na mapanga.

Na mwenye kijiji? Artikle 389 iliahidi kwamba haki zake zitapangwa na ordonansi ya Prezida. Batu bakangoja miaka makumi, ordonansi haikutoka. Njo maana karatasi inaweza kuwa safi kabisa, na moto ukawaka chini yake. Mu Februari 2023, kule Lubunga, ugomvi juu ya udongo wenye kupewa kampuni ya kilimo uligeuka vita kati ya Wambole na Walengola. Batu bakauawa, nyumba zikachomwa, familia zikakimbilia mujini.

Basi tufanye nini, sisi wenye kusoma? Mbele ya kutoa konsesyo ya udongo wa vijijini, sheria inalazimisha anketi: ajenti afike pale, apime, asikilize majirani na malalamiko yao. Siku ile njo mulango uko wazi. Tuwaeleze wazazi wetu kijijini: shamba lenye kupumuzika lionyeshwe, mipaka itajwe, malalamiko yaandikwe. Ule aliyenyamaza siku ya anketi, kisha miaka mbili, buku itasema mu nafasi yake.