GEMU ILIYOCHORWA KWA HERUFI TUPU

1/5
Tunaendelea na mfululizo wetu wa historia ya vitu ambavyo watoto wetu wanavishika kila siku. Leo zamu ya gemu.

Nimeichagua kwa sababu wazazi wananiuliza sana inboksi: mtoto anataka kujifunza kutengeneza gemu, ila hela ya kompyuta kubwa haipo. Wengine wameshamwambia mtoto asahau. Subiri kwanza, mama, soma hii.

2/5
Twende Marekani, jimbo la California, mwishoni mwa miaka ya 1970. Wanafunzi wengi hawakuwa na kompyuta zao. Chuo kilikuwa na kompyuta moja kubwa, na watu wengi waliitumia kwa pamoja. Kila mmoja alikaa mbele ya terminali, yaani kioo na kibodi vilivyounganishwa na ile kubwa kwa waya.

Terminali nyingi hazikujua picha kabisa. Zilijua herufi, namba na alama tu. Kwa kawaida mistari 24, kila mstari nafasi 80. Rangi moja, basi.

Hapo hapo vijana wawili wa Chuo Kikuu cha California, Santa Cruz, Michael Toy na Glenn Wichman, wakatengeneza gemu ya kuzunguka mapangoni. Waliiita Rogue, ikatoka mwaka 1980. Waliiandika kwa lugha ya C, ambayo Dennis Ritchie aliibuni kwenye maabara za Bell mwanzoni mwa miaka ya 1970.

3/5
Sasa walichoraje bila picha? Angalia kibodi yako. Alama - na | zikawa kuta. Nukta ikawa sakafu. Alama + ikawa mlango, # ikawa njia ya kutoka chumba kimoja kwenda kingine. Mchezaji ni @. Mazimwi ni herufi kubwa, A hadi Z. Ukiona Z inakusogelea, ujue ni zombi, kimbia!

Yaani chumba kizima kilikuwa hivi:

-----------
|....Z....|
|.........+
|..@......|
-----------

Unacheka? Watu walikesha nayo. Kila ukianza upya, kompyuta inapanga vyumba vipya, kwa sababu watengenezaji walitaka gemu iwashangaze hata wao wenyewe. Na ukifa umekufa, unaanza mwanzo.

4/5
Hapa ndipo penye utamu. Fanya hesabu na mwanao: mistari 24 mara nafasi 80 ni nafasi 1,920. Aliyeunganishwa kwa laini ya simu yenye kasi ya baud 300 alipata herufi kama 30 tu kwa sekunde. Kuchora kioo kizima kulichukua zaidi ya dakika moja. Hatua moja, dakika moja. Nani angecheza?

Dawa ilitoka Berkeley. Kijana Ken Arnold alichukua ujanja ambao Bill Joy alishautumia kwenye programu yake ya kuandikia, vi, akatengeneza kifurushi cha amri za C kiitwacho curses. Kinafanya kazi hivi. Amri ya move inasema nenda mstari fulani, nafasi fulani. Amri ya addch inasema weka herufi hii hapo. Bado kioo hakijaguswa, mchoro uko kwenye kumbukumbu ya kompyuta. Ukitoa amri ya refresh, curses inalinganisha mchoro mpya na ule ulioko kwenye kioo, halafu inatuma kilichobadilika tu.

@ ikipiga hatua moja, zimebadilika nafasi mbili: aliyotoka na aliyoingia. Mbili kati ya 1,920!

Manesi wenzangu mnaijua hii. Tukikabidhiana zamu hatusomi faili lote la mgonjwa tangu alipolazwa. Tunasema kilichobadilika: homa imeshuka, dripu imeisha, mkojo umepungua. Anayeingia zamu anaendelea na kazi.

5/5
Mwaka 1983 Rogue ilisambazwa pamoja na mfumo wa kompyuta wa Berkeley uitwao 4.2BSD, ikaingia vyuo vingi. Mwaka 1987 ikaja NetHack, ndugu yake, ambayo watu wanaicheza hadi leo. Na kuna aina nzima ya gemu inayoitwa kwa jina la Rogue.

Kwa hiyo mama, ile kompyuta ya zamani iliyolala kabatini, ambayo haifungui gemu za kisasa, inatosha kuanzia. Weka Linux, ni bure. Kifaa cha kutafsiri C kiitwacho gcc ni bure. Mrithi wa curses, ncurses, naye ni bure. Kazi ya kwanza ya mtoto: aiweke @ katikati ya kioo. Ya pili: aifanye itembee kwa vitufe vya mishale. Ya tatu: aizuie isipite ukutani. Akifika hapo, ameshatengeneza gemu.

Wewe si lazima ujue C. Kaa pembeni yake, muulize: ukuta wako ni alama gani? Zimwi lako ni herufi gani? Hilo tu.

Niandikie kwenye komenti, mwanao ana miaka mingapi na zimwi lake ni herufi gani?