Rangi au Mwinuko? Uvimbe wa Taya Ukitazamwa kutoka Rumonge

Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa Hospitali ya Mulago, Kampala, alichapisha makala kuhusu uvimbe wa taya uliokuwa ukiwaua watoto wa Uganda. Kwa miaka kadhaa ugonjwa huo uliitwa limfoma ya Kiafrika. Jina lilitoa jibu kabla swali halijaulizwa: wagonjwa ni Waafrika, basi chanzo kimo katika Uafrika wao. Insha hii inadai kwamba jibu hilo lilianguka pale watu walipobadilisha kitu cha kuhesabu, na kwamba mwambao wa Rumonge unaonyesha vizuri kwa nini.

Burkitt hakuwa mwanatakwimu. Mwishoni mwa 1961 yeye, Ted Williams na Cliff Nelson walisafiri kwa gari kuukuu wiki kumi, kiasi cha kilomita 16,000, wakiuliza kila hospitali: uvimbe huu mmeuona? Ramani waliyoipata haikufuata makabila, ilifuata mwinuko. Karibu na ikweta uvimbe ulikoma kwenye mita 1,500 hivi, na kadiri walivyokwenda kusini ndivyo mpaka huo ulivyoshuka. Alexander Haddow wa Entebbe, mtaalamu wa wadudu, ndiye aliyetambua kwamba nyuma ya mwinuko kulikuwa na joto. Mvua nayo ikaonekana kuhusika. Joto na mvua ni makao ya mbu, na leo malaria hutajwa pamoja na virusi vya Epstein-Barr, vilivyogunduliwa 1964. Baadaye uvimbe huohuo ulikutwa Papua New Guinea, mbali kabisa na Afrika.

Sasa tuitazame Burundi. Nchi hii hujulikana kwa milima yake, lakini Rumonge iko ufukweni, mita 780 hivi juu ya usawa wa bahari, kwenye joto la Imbo. Ukipanda hadi Bururi unapita mita 1,800. Kwa kigezo cha Burkitt, mwambao uko ndani ya ukanda wa uvimbe na Bururi iko nje, ingawa Kirundi ni kilekile na koo zinaoana. (Kiswahili cha sokoni Rumonge hakizuii mbu.) Anayechukua wastani wa Burundi nzima ameshaifuta Rumonge.

Kuhusu kupona, mambo ni magumu zaidi. Katika nchi tajiri watoto takribani tisa kati ya kumi hupona. Katika hospitali nyingi za Afrika kusini mwa Sahara ni nusu au pungufu. Njia ya kupima muda wa kuishi aghalabu ni ile ya Edward Kaplan na Paul Meier, iliyochapishwa mwaka uleule wa 1958. Inamhesabu hata mgonjwa aliyepotea, kwa sharti moja: awe na matarajio sawa na waliobaki. Sharti hilo linahitaji nchi yenye utulivu. Aprili 1972 uasi ulizuka Rumonge na Nyanza-Lac, mauaji ya serikali dhidi ya Wahutu yakafuata, na maelfu wakakimbilia Tanzania. Mtoto aliyekuwa katikati ya matibabu akavushwa kwenda Kigoma angeandikwa tu kuwa hakurudi. Dawa zake zimekatika, lakini hesabu ingempa nafasi ileile ya mwenzake anayeendelea kuzipata. Halafu mtafiti akiwalinganisha watoto hao na wa Ulaya, huku safu pekee aliyonayo ikiwa ni ya rangi, safu hiyo itabeba barabara, vita na bei ya dawa, vyote kwa jina moja.