Ziara za Segway Gettysburg: Jinsi watalii wanavyotembezwa katika uwanja wa vita

WAPENZI wa riadha wangali wanakumbuka kioja cha Agosti 27, 2015 jijini Beijing, Uchina. Usain Bolt wa Jamaica alikuwa ametoka kutwaa dhahabu ya mita 200 na alikuwa akiwashukuru mashabiki pale mpigapicha wa televisheni, aliyekuwa amesimama juu ya kigari cha magurudumu mawili, alipogonga reli ya kando ya uwanja, akapoteza mizani na kumwangusha bingwa huyo kwa nyuma. Bolt aliinuka bila jeraha kubwa. Mashindano hayo ya dunia yaliwapa Wakenya fahari, maadamu timu yetu iliongoza orodha ya medali kwa dhahabu saba, lakini kisa cha Bolt na kigari kilizungumzwa takriban kote ulimwenguni.

Kigari chenyewe huitwa Segway. Mbali na kuwabeba wapigapicha na maafisa wa polisi wa doria, kimepata kazi nyingine ambayo wengi hawakuitarajia. Kwa miaka kadhaa kimekuwa kikiwatembeza watalii katika uwanja wa vita wa Gettysburg, jimbo la Pennsylvania, Marekani.

Jambo hilo linazua swali zito. Je, yafaa mtu ateleze juu ya mashine inayofanana na kitu cha mchezo mahali walipoangamia maelfu ya watu? Makala haya yanaeleza jinsi ziara za aina hiyo zinavyopaswa kuendeshwa, na kwa nini heshima ya mahali hapo humtegemea mwelekezi kuliko mashine.

Siku tatu za Julai

Pigano la Gettysburg lilidumu kwa siku tatu, kuanzia Julai 1 hadi Julai 3, 1863. Jeshi la majimbo ya Kusini, yaliyokuwa yamejitenga ili kuulinda utumwa, lilikuwa limevamia Kaskazini chini ya Jenerali Robert E. Lee. Jeshi la Muungano liliongozwa na Jenerali George G. Meade.

Majeshi hayo mawili, yaliyokuwa na jumla ya wanajeshi zaidi ya 150,000, yalikutana katika mji mdogo wenye wakazi wapatao 2,400 pekee. Yalipotengana, wanajeshi zaidi ya 7,000 walikuwa wameuawa. Ukijumlisha waliojeruhiwa, waliotekwa na waliotoweka, hasara ya pande zote mbili inakadiriwa kufikia watu 51,000. Hakuna pigano jingine la vita hivyo vya wenyewe kwa wenyewe lililokuwa na hasara kubwa kiasi hicho.

Novemba 19 mwaka huo huo, Rais Abraham Lincoln alifika Gettysburg kuweka wakfu makaburi ya wanajeshi wa Muungano. Hotuba yake ilichukua kama dakika mbili tu, nayo ni miongoni mwa hotuba zinazojulikana zaidi katika historia ya taifa hilo.

Leo uwanja huo ni hifadhi ya kitaifa yenye ukubwa wa takriban ekari 6,000 na minara ya kumbukumbu zaidi ya 1,300. Mgeni anayetaka kuufahamu hukabiliwa na tatizo la umbali. Vilima, mashamba na mabonde yaliyopiganiwa yametawanyika. Anayetembea kwa miguu huchoka kabla ya kufika nusu ya safari, ilhali anayepita ndani ya gari hutazama kupitia dirishani na kuikosa miinuko midogo ya ardhi iliyoamua nani angeishi na nani angekufa. Ndiposa wapo wanaochagua farasi, wengine baiskeli, na wengine Segway.

Mashine yenyewe

Segway ilibuniwa na Mmarekani Dean Kamen na kuzinduliwa Desemba 2001. Anayeiendesha husimama juu ya jukwaa dogo lililo kati ya magurudumu mawili yanayokaa sambamba, huku ameshika mpini. Ndani ya jukwaa mna vihisio vinavyopima mwinamo wake takriban mara 100 kila sekunde. Mtu akiegemea mbele, mota huyasukuma magurudumu mbele ili yabaki chini ya mwili wake. Akijivuta nyuma, kigari hupunguza mwendo na kusimama. Katika modeli zilizotolewa tangu 2006, kugeuka ni suala la kuulaza mpini kushoto au kulia.

Kasi yake ya juu ni takriban kilomita 20 kwa saa. Modeli ya kawaida ya barabarani huweza kwenda hadi kilomita 38 betri ikiwa imejaa, ingawa milima, baridi na uzito wa mwendeshaji hupunguza umbali huo. Kampuni iliyoitengeneza ilipendekeza mwendeshaji awe na uzito usiopungua kilo 45 wala kuzidi kilo 118 hivi.

Kutokana na hayo, mwandalizi wa ziara huwa na maswali ya kumuuliza kila mgeni kabla ya kupokea malipo yake. Uzito wake ni kiasi gani? Je, anaweza kusimama kwa saa mbili au tatu? Ana tatizo la mizani ya mwili, au ni mja mzito? Mzee ambaye magoti hayamruhusu kutembea kilomita kumi huenda akafaidika sana na kigari hiki. Asiyeweza kusimama kabisa hawezi kukitumia, naye huhitaji kuandaliwa usafiri mwingine badala ya kuachwa langoni.

Kibali na leseni

Hakuna anayeruhusiwa kuingia katika hifadhi ya kitaifa ya Marekani na kuanza biashara apendavyo. Sheria iliyopitishwa na Bunge la nchi hiyo mwaka 1998 inawataka wafanyabiashara wanaotoa huduma katika hifadhi hizo wawe na idhini rasmi, na idhini hiyo huja na masharti.

Gettysburg ina sharti la ziada linalohusu waelekezi. Tangu 1915, anayelipwa kuwaongoza wageni katika uwanja huo hutakiwa kuwa na leseni. Utaratibu huo ulianzishwa baada ya malalamiko kwamba watu wasio na ujuzi walikuwa wakiwatoza wageni fedha na kuwasimulia mambo yasiyo na msingi. Anayeitafuta leseni hufanya mtihani wa kuandika, kisha hupimwa kwa mdomo papo hapo uwanjani.

Huu ni msingi muhimu wa kazi yenyewe. Stadi za kumfundisha mtu kusimama juu ya kigari hupatikana kwa siku chache, ilhali ujuzi wa kueleza kwa nini kikosi fulani kilisimama nyuma ya ukuta fulani huchukua miaka. Kampuni inayotaka kufanya kazi hiyo kwa njia ya haki huhitaji vyote viwili, iwe ni kwa mwelekezi anayefuatana na wageni au kwa maelezo yaliyorekodiwa na mwelekezi mwenye leseni na kusikilizwa njiani.

Mafunzo kabla ya safari

Mgeni asiyewahi kukipanda kigari hiki hafai kupelekwa barabarani moja kwa moja. Kwanza huvaa kofia ngumu, kisha hujifunza kupanda, kusimama, kugeuka na kushuka katika uwanja tambarare. Mwalimu humtazama mmoja mmoja. Anayeshindwa kusimama ghafla akiamriwa hubaki akijifunza hadi aweze.

Makosa yanayoangusha watu yanajulikana. Gurudumu moja likigonga ukingo wa barabara huku jingine likiendelea kuzunguka, kigari hugeuka kwa kishindo. Kwenda upande upande mteremkoni, kupita kwenye nyasi zilizolowa na kushuka kabla ya kigari kutulia ni hatari vilevile. Ajali ya Bolt ilitokana na kosa la aina hiyo hiyo: jicho lilikuwa kwenye kamera, gurudumu likakuta reli.

Betri nayo si jambo la kupuuzwa. Mwaka 2003 kampuni iliviita tena vigari vipatavyo 6,000 kwa kuwa vingeweza kumwangusha mwendeshaji betri inapokaribia kuisha. Programu ilirekebishwa, lakini funzo lilibaki. Mwandalizi makini hupanga njia fupi kuliko uwezo wa betri, na hapeleki kundi uwanjani kabla ya kuikagua kila mashine.

Kisa kingine hufaa kukumbukwa na kila anayepitisha watu karibu na genge. Septemba 2010, Jimi Heselden, mfanyabiashara Mwingereza aliyekuwa ameinunua kampuni ya Segway, alifariki baada ya kuporomoka kutoka kwenye genge kando ya mto akiwa na kigari cha aina hiyo karibu na nyumbani kwake. Iwapo mwenye kampuni aliweza kupatwa na hayo, mtalii wa saa mbili hana budi kulindwa. Kundi huwa dogo, mwelekezi hutangulia, msaidizi hufunga msafara nyuma, na wote hubaki kwenye barabara ya lami.

Kasi inapodanganya

Hatari iliyo ngumu zaidi kuiona ni ile ya kupita haraka mno. Mfano mzuri ni shambulio la alasiri ya Julai 3, linalojulikana kwa jina la Jenerali George Pickett. Wanajeshi wa Kusini wapatao 12,500 walitoka kwenye miti na kuvuka uwanja wazi wa karibu kilomita moja na nusu wakielekea ngome ya Muungano katika mgongo wa ardhi uitwao Cemetery Ridge. Walitembea kwa takriban dakika 20 huku wakipigwa kwa mizinga, na walipokaribia, kwa bunduki. Zaidi ya nusu yao waliuawa, walijeruhiwa au walitekwa.

Kigari kinachokwenda kilomita 20 kwa saa kingeumaliza umbali huo kwa muda usiofika dakika tano. Mgeni akipita hivyo huona uwanja mzuri wa nyasi. Kinachomfunza ni kushuka karibu na sanamu ya Lee akiwa juu ya farasi wake, kuutazama upande wa pili, na kutembea japo mita 200 kwa miguu. Hapo ndipo hugundua kwamba uwanja huo unaoonekana tambarare una mabonde madogo yaliyowaficha askari kwa muda, kisha yakawafichua tena mbele ya mizinga.

Ratiba nzuri basi hupimwa kwa vituo vyake. Kama ziara ni ya saa mbili na nusu, sehemu kubwa ya muda huo yapaswa kutumika mashine zikiwa zimezimwa.

Nyumba ya Abraham Brian

Kipo kituo kimoja ambacho ni rahisi kukipita. Juu ya Cemetery Ridge, karibu kabisa na mahali shambulio hilo lilipokomea, pana nyumba ndogo ya mbao iliyokuwa ya Abraham Brian, mkulima mweusi aliyekuwa huru na aliyemiliki shamba la ekari 12. Kabla ya pigano, Brian na familia yake waliikimbia nyumba hiyo. Walikuwa na sababu ya kutosha: katika kampeni hiyo, jeshi la Lee liliwakamata watu weusi huko Pennsylvania, wakiwemo waliokuwa huru, na kuwapeleka Kusini utumwani.

Aliporejea alikuta nyumba imetobolewa kwa risasi na mazao yameharibiwa. Alidai fidia, akalipwa sehemu ndogo mno ya alichodai.

Mwelekezi anayesimulia mwendo wa vikosi pekee hueleza jinsi watu walivyouawa. Anayesimama mbele ya nyumba ya Brian hueleza pia vita vilihusu nini. Tofauti ya ziara hizo mbili ni dakika kumi, nayo ni kubwa kuliko tofauti ya farasi, basi na Segway.

Ardhi inayochoka

Uwanja wenyewe nao huumia. Kilima cha Little Round Top, kilichopiganiwa vikali siku ya pili, kilifungwa Julai 2022 na kufunguliwa tena Juni 2024. Miaka mingi ya nyayo za wageni ilikuwa imemomonyoa udongo wake, na njia pamoja na maegesho zilihitaji kujengwa upya. Kama miguu iliweza kufanya hivyo, magurudumu yakiachiwa kwenye nyasi yangeharibu zaidi. Ndiyo maana kubaki barabarani ni suala la uhifadhi kama lilivyo la usalama. Katika makaburi alikohutubu Lincoln, wageni huingia kwa miguu.

Mustakabali wa ziara hizi nao una mashaka. Kampuni ya Segway ilinunuliwa na Ninebot ya Uchina mwaka 2015, na Julai 2020 utengenezaji wa kigari cha awali ukakoma baada ya kuuzwa takriban vigari 140,000 tangu mwanzo. Wanaoendelea kuvitumia hutegemea mashine zilizopo na vipuri vinavyopatikana. Huenda siku moja nafasi yake ikachukuliwa na chombo kingine.

Wahenga walisema mwenda pole hajikwai. Chombo chochote kitakachokuja, wajibu wa mwelekezi hautabadilika: kuwafikisha wageni wakiwa salama, kuwashusha mahali panapostahili, kuwasimulia yaliyo kweli, kisha kunyamaza kwa muda ili uwanja wenyewe usikike.