Panya wa Njano Aliyevuruga Hesabu

Panya wa njano hana ukoo wa njano watupu. Mchukue dume mwenye manyoya ya rangi ya asali, mtafutie jike wa rangi hiyohiyo, uwazalishe vizazi kumi mfululizo: bado watazaliwa watoto wa rangi nyingine. Mwanzoni mwa karne ya 20 jambo hilo lilimsumbua sana Lucien Cuénot, mwanazuolojia wa Nancy, mashariki mwa Ufaransa, kwa kuwa panya wake wengine walikuwa wamefuata kanuni bila tatizo.

Mwaka 1902 Cuénot alikuwa ametoa taarifa ya panya wa kijivu aliowapandisha na panya weupe wenye macho mekundu. Watoto wote walizaliwa kijivu. Watoto hao walipozaana wenyewe kwa wenyewe, weupe ukarudi: kati ya wajukuu 270, kijivu walikuwa 198 na weupe 72. Ni karibu watatu kwa mmoja, uwiano uleule ambao mtawa Gregor Mendel aliupata kwenye njegere miongo kadhaa kabla. Cuénot akawa miongoni mwa watu wa kwanza kuonyesha kwamba kanuni ya Mendel inatawala hata wanyama.

Panya wa rangi hakuwabuni yeye. Wafugaji wa Japani walikuwa wakiwachagua na kuwazalisha kwa ajili ya urembo tangu zamani, na mwaka 1787 kilichapwa huko kijitabu kizima kuhusu namna ya kupata rangi mbalimbali. Uingereza nako wapenzi wa panya waliunda klabu ya taifa mwaka 1895 na kushindanisha wanyama wao kwa vikombe, kama wengine wanavyoshindanisha njiwa. Wanasayansi walikuta hazina hiyo tayari vibandani.

Turudi kwa wa njano. Cuénot aligundua kwamba kila panya wa njano amebeba pia jeni ya rangi nyingine, iliyofichwa na unjano. Hakumpata hata mmoja aliyerithi unjano kwa baba na kwa mama. Alidhani mbegu ya njano inakataa kuungana na yai la njano. Mwaka 1910, Marekani, William Castle na mwanafunzi wake Clarence Little walihesabu watoto 1,235 wa wazazi wa njano: 800 walikuwa wa njano, 435 hawakuwa. Uwiano haukuwa watatu kwa mmoja, ulikuwa wawili kwa mmoja. Kwa kila wanne waliotungwa, mmoja alikosekana, na aliyekosekana ni yule mwenye unjano wa pande mbili. Walihitimisha kwamba mbegu na yai havikataani hata kidogo. Mimba inatungwa, kisha kiinitete kinakufa tumboni. Watafiti waliofuata walichunguza matumbo ya majike wenye mimba na kuvikuta viinitete hivyo vilivyokufa.

Panya wa kutosha kwa hesabu kubwa namna hiyo walitoka wapi? Wengi wa maabara ya Castle walinunuliwa kwa Abbie Lathrop, mwanamke aliyekuwa mwalimu kabla afya haijamlazimisha kuacha kazi. Alijaribu kufuga kuku mjini Granby, Massachusetts, na mradi ukafa. Hapo ndipo aliponunua jozi moja ya panya wa mapambo. Baadaye banda lake lilikuwa na panya zaidi ya 10,000, wakilishwa shayiri na biskuti kavu, huku watoto wa jirani wakilipwa senti 7 kwa saa kusafisha vizimba. Lathrop aliandika nani kazaa na nani. Alipoona uvimbe kwenye ngozi za baadhi yao, aliwapelekea wanasayansi sampuli, na pamoja na mtaalamu wa magonjwa Leo Loeb akachapisha tafiti kadhaa kuhusu saratani. Ni haki jina lake litajwe kila linapotajwa la Castle.

Rangi zilifichua mengine pia. Mwaka 1915 mwanasayansi Mwingereza J. B. S. Haldane, dada yake Naomi na rafiki yao A. D. Sprunt walionyesha kwamba jeni mbili za rangi kwa panya husafiri pamoja katika urithi. Taarifa ilichapishwa kabla haijakomaa, maana Sprunt alikuwa ameshauawa vitani Ufaransa.

Siri ya panya wa njano ilikaa hadi mwaka 1992, jeni yake iliposomwa kwenye maabara ya Oak Ridge, Tennessee. Unywele wa panya wa kawaida ni mweusi wenye mkanda wa njano, na mkanda huo hutokea pale jeni iitwayo aguti inapowaka kwa siku chache na kuzuia rangi nyeusi isitengenezwe. Kwa panya wa njano kipande kikubwa cha DNA kimekatika, na aguti imeangukia chini ya swichi ya jeni jirani isiyozimika. Inawaka mwili mzima, hata kwenye ubongo, ambako inavuruga hisia ya shibe. Ndiyo sababu panya hawa hunenepa kupita kiasi na kupata kisukari, jambo ambalo wafugaji walikuwa wameliona zamani.

Paka nao wana kisa chao. Paka mwenye mabaka meusi na ya chungwa karibu kila mara ni jike. Mwaka 1961 Mary Lyon, aliyekuwa akichunguza panya wa mabaka huko Harwell, Uingereza, alieleza kwamba katika kila seli ya jike kromosomu moja kati ya X mbili huzimwa. Baka la chungwa ni mahali ambapo X yenye jeni ya chungwa ndiyo iliyobaki ikifanya kazi. Jeni yenyewe ilitambuliwa na kuchapishwa mwaka 2025 tu.

Tumalizie kwa panya. Mwaka 1921 Little alimpandisha jike namba 57 kutoka ukoo wa panya wa Lathrop. Baadhi ya watoto walikuwa weusi, na kizazi chao kikaitwa C57 Black. Jenomu ya panya iliyochapishwa mwaka 2002 ni ya ukoo huo. Lathrop hakumwona hata mmoja wao, alifariki mwaka 1918. Madaftari yake yamehifadhiwa Bar Harbor, Maine, katika maabara ambayo Little aliianzisha mwaka 1929.