Tangi la kwanza la samaki nyumbani: mwongozo kutoka Isebania

Ndugu zangu wa pwani mnaoniuliza habari za kufuga samaki wa mapambo, mimi nakaa Isebania, mpakani mwa Kenya na Tanzania, na tangi langu la kioo liko sebuleni. Ninayoyaandika hapa yanafaa huku na yanafaa Lamu, Mombasa au Tanga. Penye tofauti nimeitaja.

Tangi na vifaa

Anayeanza hudhani tangi dogo ndilo rahisi. Ni kinyume chake: maji machache huchafuka upesi na hubadilika joto kwa ghafla. Anza na tangi la sentimita 60 kwa 30 kwa 30. Hilo huchukua lita 54, yaani karibu mitungi mitatu ya lita 20. Maji hayo peke yake ni kilo 54, kwa hiyo meza iwe imara. Usiliweke penye jua la dirishani, maana jua huotesha mwani.

Utahitaji chujio la sponji na pampu yake ya hewa, kipimajoto, changarawe, na ndoo isiyowahi kutiwa sabuni. Samaki wengi wa mapambo hupenda nyuzi 24 hadi 28. Pwani joto hilo lipo lenyewe. Huku kwetu usiku ni wa baridi, basi lazima kifaa cha kupasha maji.

Watu wa pwani tahadharini na matumbawe na makombe. Yanapendeza, lakini ni chokaa, nayo huzidisha ugumu wa maji. Dondosha siki juu ya jiwe kabla ya kulitia. Likitoa povu, liache nje.

Maji

Maji ya mfereji huwa na klorini, nayo huua samaki. Kuyaacha kwenye ndoo wazi kwa saa 24 husaidia, lakini kama mfereji wenu hutiwa kloramini, hiyo haitoki hivyo. Dawa ya kuondoa klorini, inayouzwa kwenye maduka ya samaki wa mapambo, ndiyo ya uhakika.

Mwezi wa kungoja

Hapa ndipo wengi hushindwa. Wananunua tangi na samaki siku moja, na wiki ya pili samaki wanaelea, mtoto analia, na wakubwa wanasema ni kijicho cha jirani. Si kijicho, ni amonia.

Kinyesi na mabaki ya chakula hutoa amonia, ambayo ni sumu. Bakteria fulani huigeuza kuwa nitriti, nayo ni sumu pia. Bakteria wengine huigeuza nitriti kuwa nitreti, ambayo haina madhara makubwa ikiwa kidogo. Bakteria hao hukaa kwenye sponji na changarawe, na huchukua wiki 4 hadi 6 kuzaana vya kutosha. Basi jaza maji, washa chujio, kila siku tia chembe chache za chakula zioze, na ungoje. Vipimo vikionyesha kwanza amonia imepanda, kisha amonia na nitriti zote zimerudi sufuri, tangi liko tayari. Haraka haraka haina baraka.

Samaki na matunzo

Anza na gapi, plati au moli, watano au sita tu. Hao hustahimili hata maji magumu ya visima vya pwani. Samaki wa dhahabu mwache, hukua mno kwa tangi hili. Mfuko wa samaki uelee ndani ya tangi dakika 15, kisha uwazoeshe maji mapya kidogo kidogo.

Walishe kiasi wanachomaliza kwa dakika mbili. Kila wiki badilisha robo ya maji. Sponji ioshe kwa maji uliyoyatoa tangini, kamwe si kwa maji ya mfereji, la sivyo utawaua bakteria uliowangojea. Stima ikipotea, usiwalishe, na kila baada ya muda chota maji kwa kikombe uyamimine toka juu ili yapate hewa.

Usiwamwage mtoni

Gapi, plati na moli huzaa watoto hai, na huzaa sana. Siku tangi litakapojaa, utashawishika kuwamwaga mtoni. Tafadhali usifanye hivyo. Mito ya huku huishia Ziwa Victoria, na ziwa hilo limeshaonja uchungu wa samaki wa kuletwa. Mbuta, ambaye Tanzania huitwa sangara, aliingizwa humo miaka ya 1950. Kufikia miaka ya 1980 fulu, wale samaki wadogo wa mamia ya aina wasiopatikana kwingine, walikuwa wamepungua vibaya, na aina nyingi hazijaonekana tena. Ngege wa asili naye karibu atoweke ziwani, akabaki kwenye maji ya kando kama Ziwa Kanyaboli kule Siaya. Mbuta ameleta biashara kubwa, sikatai, lakini hakuna awezaye kumtoa tena.

Kwa hiyo watenge madume na majike, au ununue jinsia moja tu. Wakizidi, mpe rafiki mwenye tangi au warudishe dukani. Hata maji ya kubadilisha usiyamwage kwenye kijito, yamwagie miche ya sukumawiki. Ile nitreti ni mbolea.