MZEE DANIEL RUDISHA: KIJITI KILICHOMFIKIA MWANA

Baada ya hesabu za fedha na habari za misiba iliyosaidiwa, ni desturi njema kuwawekea wanachama kurasa chache za historia, ili vijana wajue walikotoka na wazee wapate la kuwasimulia. Safari hii twamkumbuka marehemu Mzee Daniel Rudisha wa Kilgoris, aliyekuwa mkimbiaji, mwalimu na baba. Watu wengi humjua kwa sababu ya mwanawe, na hilo si aibu kwa mzazi yeyote. Lakini wahenga walinena ya kwamba mwacha asili ni mtumwa. Tukimsifu mwana na kumsahau baba, tutakuwa tumeiacha asili.

Mzee Rudisha alizaliwa mwaka 1945 huko Kilgoris, katika nchi ya Wamasai wa Trans Mara. Siku hizo Kenya ilikuwa bado chini ya utawala wa kikoloni, na mbio zilikuwa mchezo wa shuleni, wa jeshini na wa polisi. Hata hivyo, kabla hajawa kijana walikwisha kutokea watu waliofyeka njia. Mwaka 1954 Nyandika Maiyoro, mtu wa Kisii, alikwenda Vancouver, akawa wa nne katika mbio za maili tatu. Mwaka 1956 Kenya ilipeleka wachezaji wake kwa mara ya kwanza katika Michezo ya Olimpiki, huko Melbourne. Mwaka 1964 huko Tokyo, Wilson Kiprugut wa Kericho alipata nishani ya shaba katika mbio za mita 800, nayo ndiyo nishani ya kwanza ya Olimpiki kuletwa Kenya. Basi Daniel hakuipata njia ikiwa pori tupu. Aliikuta ina nyayo za wakubwa wake, naye akaweka zake.

Mwezi wa Oktoba 1968 alikuwa Mexico, mji ulio juu sana, mita zipatazo 2,240 kutoka usawa wa bahari. Umri wake ulikuwa miaka 23. Alichaguliwa kukimbia mbio za kupokezana vijiti, watu wanne, kila mmoja mita 400. Wenzake walikuwa Charles Asati, Hezekiah Nyamau na Naftali Bon. Waliokuwa mbele yao ni Wamarekani, na katika Wamarekani wale wanne, watatu walikuwa wametoka kunyakua nishani zote tatu za mbio za mita 400: Lee Evans, Larry James na Ron Freeman. Wa nne alikuwa Vince Matthews. Wamarekani walishinda kwa dakika 2 na sekunde 56.16, na muda huo haukupitwa na watu wowote duniani mpaka mwaka 1992. Wakenya walifika wa pili kwa dakika 2 na sekunde 59.64, mbele ya Wajerumani wa Magharibi. Kushindwa na watu kama wale si fedheha, na kuwapita wengine wote ni heshima kubwa. Katika michezo ile Kenya ilipata nishani tisa: tatu za dhahabu, nne za fedha na mbili za shaba. Moja katika zile nne za fedha ni hiyo ya vijiti.

Wazee wetu watazame vema majina ya vijana wale wanne. Asati na Nyamau ni Wakisii, Bon ni Mnandi, na Rudisha ni Mmasai. Makabila haya ni majirani, na kila mzee ajua ya kwamba mara nyingi majirani hawa wamegombana kwa ajili ya ng'ombe na mipaka, wakazika vijana wao bure. Lakini katika mbio za vijiti ugomvi hauna nafasi. Kijiti kikianguka, hasara ni ya wote wanne, na haulizwi ni mtoto wa ukoo gani aliyekiangusha. Mmoja akikimbia vizuri, wote wanne huvikwa nishani. Chama cha kusaidiana hujengwa kwa kanuni hiyohiyo, na tungekuwa na busara kama kila mkutano wetu wa mwaka ungeanza kwa kuikumbuka.

Imetupasa pia kuwaeleza vijana ya kwamba wakimbiaji wa siku zile hawakulipwa fedha kwa kushinda. Sheria za michezo zilikataza. Mtu alirudi nyumbani na nishani yake, na kesho yake akaendelea na kazi yake ya kila siku, kama ni jeshini, kama ni polisi, kama ni shuleni. Mzee Rudisha alikuwa mwalimu. Aliishi kwa watu wake, akafundisha watoto wa wenziwe na kulea wake mwenyewe pamoja na mkewe, ambaye naye katika ujana wake alikuwa mkimbiaji wa mbio za kuruka viunzi. Nishani ya Mexico ilibaki nyumbani.

Mwaka 1988 nyumbani humo alizaliwa mtoto aliyeitwa David. Alikua akiiona nishani ile, na mwenyewe ameeleza ya kwamba ndiyo iliyompa hamu ya kukimbia. Hapo baba alifanya jambo ambalo wazazi wengi hushindwa kulifanya. Ingawa alikuwa bingwa, hakumng'ang'ania mwana asifundishwe na mwingine. Kijana alikwenda Iten, akawa chini ya Bruda Colm O'Connell, mwalimu aliyetoka Ireland mwaka 1976. David alikuwa amependa mita 400 kama baba yake, lakini mwalimu aliona ya kuwa nguvu zake zafaa mita 800. Baba hakuona wivu. Mwaka 2006 kijana akawa bingwa wa dunia wa vijana. Mwaka 2010 aliuvunja muda bora wa dunia mara mbili katika mwezi mmoja wa Agosti.

Kabla ya michezo ya London, David alieleza nia yake waziwazi: baba alikuwa na nishani ya fedha, naye alitaka kuongeza ya dhahabu ili nyumba yao ikamilike. Tarehe 9 Agosti 2012 aliongoza mwanzo hadi mwisho, akamaliza kwa dakika 1 na sekunde 40.91. Alikuwa mtu wa kwanza kukimbia mita 800 chini ya dakika 1 na sekunde 41. Mwaka 2016 huko Rio akashinda tena. Miaka 44 ilipita tangu Mexico hadi London. Kijiti kilikuwa bado mkononi mwa ukoo uleule.

Mwezi wa Februari 2019 alifariki Nyandika Maiyoro. Siku chache baadaye, mwezi wa Machi, Mzee Daniel Rudisha naye akaaga dunia, umri wake miaka 73. Watu waliposikia habari hizo walianza kusifu, na sifa zilikuwa za haki. Lakini marehemu hasikii. Twawakusanyia watu fedha za jeneza upesi kuliko tunavyowakusanyia maneno ya shukrani wakiwa hai, na wakienda huenda na habari zao zote.

Kwa hiyo twawaomba wanachama neno moja. Kila nyumba iliyo na mzee, awe alikimbia, alifundisha, alilima au aliajiriwa mbali, kijana mmoja akae naye na daftari, aandike miaka, mahali na majina ya aliofanya nao kazi. Taarifa ya mwaka ujao iwe na kurasa za kuyapokea maandishi hayo. Asiyeweza kuandika, aje asimulie, aandikiwe.

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mungu ailaze roho ya Mzee Rudisha mahali pema.